Sura ya 7: Kuushika Unga Mweupe

Mnunuzi wa khanga anayejua anachonunua huwa na swali moja kabla hata ya kuulizia bei: inachuja? Akishahakikishiwa kwamba haichuji, ndipo hugeukia maandishi na bei. Wanakemia wa rangi wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa zaidi ya karne moja na nusu, tangu mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipojipatia rangi ya zambarau jijini London kutokana na mazao ya lami ya makaa ya mawe. Kila kizazi cha rangi kilichofuata kimeundwa kivumilie zaidi jua, sabuni, jasho na kamba ya kuanikia. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilileta sokoni rangi za Procion, ambazo hazikai tu juu ya uzi wa pamba bali hufungamana nao kikemia. Nguo inaweza kuchakaa, lakini rangi haiachii kirahisi.

Kasoro yake ni kwamba rangi hizo hufungamana na maji vilevile. Ndani ya pipa la kutilia rangi, molekuli ikikutana na maji kabla ya kuufikia uzi hupoteza sehemu yake ya kushikia, na tangu hapo haina kazi tena kwa mtia rangi. Inabaki majini na kumwagwa pamoja nayo. Kwa kundi hili la rangi, kinachopotea hivyo hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 10 na 50. Na kwa kuwa iliundwa isichuje kwenye nguo, mtoni nako haichuji. Miligramu moja tu kwenye lita ya maji yatosha kuonekana kwa macho. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam umepokea majitaka ya viwanda vya nguo kwa miongo mingi, na wakazi wa kingo zake hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza haya.

Ubaya wa rangi hauishii kwenye sura ya maji. Hunyima mimea ya majini mwanga. Zile za kundi la azo, ambazo ndizo nyingi zaidi duniani, zikizama kwenye tope lisilo na oksijeni hukatika katikati na kuacha kemikali ziitwazo amini, na baadhi ya amini hizo husababisha saratani. Njia za kawaida za kusafisha hazimalizi kazi. Ukitia shabu, rangi inagandamana na kuzama, na sasa una lundo la tope lenye rangi. Ukipitisha maji kwenye mkaa amilifu, rangi inanata kwenye mkaa, na sasa una mkaa wenye rangi. Bakteria wa kwenye mabwawa hula wanga, mafuta na sabuni kwa raha, lakini wakifika kwenye rangi nyingi za kisasa hugoma. Kinachotafutwa ni njia ya kuivunja molekuli yenyewe mpaka ibaki kabonidayoksaidi, maji na chumvi chache.

Njia mojawapo ilijionyesha zamani, na kwa sura ya hasara. Watengenezaji wa rangi za nyumba walianza kutumia titaniamu dayoksaidi, unga mweupe kupita wote waliokuwa nao, wakagundua kwamba ukuta uliopakwa na kupigwa na jua hutoa vumbi kama chaki. Mafuta yaliyoshika unga ukutani yalikuwa yakiliwa. Mwaka 1938 Charles Goodeve na J. A. Kitchener wa Chuo Kikuu cha London walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba unga huo, ukipigwa na miale ya urujuanimno, huipausha rangi iliyonata juu yake. Wenye viwanda walilisoma jambo hilo kama ugonjwa wa kutibiwa. Hadi leo unga wa kupakia kuta hufunikwa kwa ganda jembamba la silika au alumina ili usiwe na ukali huo, na ndiyo sababu mfuko wa unga wa kiwanda cha rangi hautakusaidia kitu ukiumwaga kwenye maji machafu. Ilipofika mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walieleza katika jarida la Nature jinsi titaniamu dayoksaidi iliyomulikwa inavyoweza kuyagawa maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Ukali uliokuwa ukitibiwa ukageuka kuwa kitu cha kutafutwa.

Kinachotokea ni hiki. Mwale wenye nguvu ya kutosha, kwa titaniamu dayoksaidi ya umbo liitwalo anatesi ni ule wa urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi, huirusha elektroni kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni na tundu vikiwahi kufika kwenye uso wa chembe, tundu hunyang'anya elektroni kutoka kwenye maji yaliyonata pale na kuzaa radikali ya haidroksili, mojawapo ya viunguzi vikali kuliko vyote vinavyoweza kuwepo ndani ya maji. Elektroni kwa upande wake huchukuliwa na oksijeni. Radikali hiyo huishi muda mfupi mno. Haina safari ndefu: huvunja kile kilicho jirani, papo hapo. Visipowahi, elektroni hurudi kwenye tundu lake, mwanga unaishia kuwa joto kidogo, na hakuna kilichosafishwa. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Na katika mwanga wote wa jua unaotufikia, urujuanimno ni kama asilimia 4 au 5 tu.

Hata hivyo, kwenye maabara unga unafanya kazi vizuri. Aina iliyozoeleka na watafiti, iitwayo P25, ina chembe za nanomita 21 hivi, na gramu moja yake ina uso wa takriban mita 50 za mraba. Tia gramu moja kwenye lita ya maji ya buluu, koroga juani, na baada ya saa moja au mbili maji yanakuwa meupe kama maziwa membamba. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, maana sasa unatakiwa kuutoa unga. Hautuami upesi. Unapita kwenye kitambaa. Chujio la kuuzuia lazima liwe na vitundu vidogo mno, na huziba. Mashine ya kuzungusha kwa kasi inaweza kuutenga kwenye kichupa, lakini kiwanda kinamwaga maji kwa maelfu ya lita. Kuuacha uende mtoni si jibu: Umoja wa Ulaya uliuondoa kwenye orodha ya viungio vya chakula mwaka 2022, kwa kuwa haikuweza kuthibitishwa kwamba hauwezi kudhuru vinasaba.

Kwa hiyo unga lazima ushikwe juu ya kitu, na kitu hicho tukiite kibebeo. Vibebeo vilivyojaribiwa ni vingi: kioo, vigae, mawe mepesi ya volkano, zeolaiti, udongo wa mfinyanzi, mkaa, nguo, plastiki. Naamini wanaoanza na swali la kichocheo kipi, yaani unga upi wa namna hii, ni kikali zaidi wanaanzia mwisho. Vichocheo vikali tunavyo tangu zamani. Tunachokosa ni namna ya kukishika kichocheo bila kukinyonga.

Tazama hesabu. Chukua kipande cha kioo cha sentimita 10 kwa 10 na ukipake utando wa titaniamu dayoksaidi wenye unene wa mikromita moja. Hata kama utando hauna kitundu hata kimoja, kioo kizima kimebeba chini ya miligramu 40, wakati kwenye lita yako ya unga ulikuwa na miligramu 1,000. Umepoteza wingi na umepoteza uso, kwa sababu chembe zilizoshikana hazigusi maji pande zote. Umepoteza pia kitu cha tatu ambacho wengi hukisahau, nacho ni umbali. Katika maji yaliyojaa unga, molekuli ya rangi haina zaidi ya mikromita chache kufikia chembe iliyo karibu, safari ya chini ya sekunde. Ukiwa na kioo kilicholala chini ya maji yaliyotulia, molekuli iliyo milimita moja juu yake itachukua kama dakika 15 hivi kufika, ikiachwa itangetange yenyewe. Ndiyo maana utando uleule unaweza kuonekana mvivu katika sinia na hodari katika mrija mwembamba ambamo maji yanasukumwa kwa nguvu. Anayebadilisha kemia ya kichocheo kabla ya kurekebisha mwendo wa maji anahangaika bure.

Ralph Matthews, mtafiti wa Australia, aliliona hilo mapema. Katika kazi alizochapisha mwaka 1987 alipaka unga ndani ya mrija wa kioo uliosokotwa, akapitisha maji ndani na mwanga kutoka nje. Ubunifu wake ulitatua mambo mawili kwa pamoja. Maji yalipita karibu na utando bila kuwa na mahali pa kujificha, na mwanga ulifika kwenye kichocheo kupitia kioo, bila kulazimika kukatiza maji kwanza. Hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika. Majitaka ya rangi hujitanda juu ya kichocheo kama mwavuli na kunywa mwanga uliokusudiwa kuyasafisha. Kadiri maji yalivyo machafu, ndivyo kichocheo kilivyo gizani. Lakini ukimulika kwa nyuma, utando usiwe mnene, la sivyo elektroni na matundu huzaliwa upande wa kioo na kufa njiani kabla ya kuyafikia maji.

Utando wenyewe hupatikana hivi. Kioo huoshwa kwa sabuni, kisha pombe, kisha huchovywa kwenye kimiminika chenye kampaundi ya titaniamu, pombe, asidi kidogo na maji kidogo sana. Huvutwa juu polepole, milimita moja au chache kwa sekunde, kwa mkono usiotetemeka au kwa mota ndogo. Pombe inapokauka, utando huanza kuonyesha rangi za upinde wa mvua, zilezile za mafuta ya gari yaliyotandaa kwenye dimbwi, na mwenye uzoefu husoma unene kwa rangi hizo. Kisha kioo huingia kwenye tanuri la nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Kikitoka, hubandikwa selotepu na kubanduliwa ghafla. Selotepu ikitoka na weupe, mtu anarudi kwenye sabuni na pombe.

Kwenye tanuri ndiko mapatano yanakofanyika. Joto likipungua, fuwele za anatesi haziivi sawasawa na utando hubanduka kwa maji yanayopita. Likizidi, nyuzi 600 au 700 na kuendelea, chembe huungana, vitundu huziba, na anatesi hugeuka rutile, umbo jingine la fuwele ambalo peke yake kwa kawaida ni dhaifu kwa kazi hii. Na kioo cha kawaida cha dirisha kina hila yake: kina sodiamu, ambayo kwa joto hilo hupanda na kupenya ndani ya utando ikaharibu kazi. Dawa yake ni kupaka kwanza utando wa silika, kisha titani, yaani titaniamu dayoksaidi, juu yake. Sijui kama kuna tiba iliyo rahisi na inayorukwa mara nyingi kama hiyo.

Vibebeo visivyovumilia tanuri vina mkasa wao. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, na alginati, ya mwani wa kahawia, zinasifiwa sana kwa kuwa rahisi na salama. Unga huchanganywa humo, mchanganyiko hudondoshwa kwenye chumvi ya kalsiamu au kwenye magadi, na matone hugeuka vishanga vinavyookoteka kwa kichujio cha chai. Vinapendeza. Lakini kichocheo hakibagui. Kinaivunja rangi, na kinaivunja pia gundi iliyokishika, kilekile kilichotokea kwenye kuta zile zilizotoa vumbi kama chaki. Vishanga hulainika, hupasuka, na unga unarudi majini. Kwa hiyo ukisoma kwamba kibebeo fulani cha asili kimeondoa asilimia 98 ya rangi, uliza ilikuwa mzunguko wa ngapi.

Mkaa amilifu una kisa cha kufurahisha zaidi. Mwaka 1998 Juan Matos, Jorge Laine na Jean-Marie Herrmann walichapisha kazi waliyochanganya unga wa titani na mkaa kwenye maji yenye fenoli, wakaona mchanganyiko ukifanya kazi kwa zaidi ya mara mbili ya kasi ya unga peke yake. Mkaa haukuwa ukichochea chochote. Ulikuwa ukikusanya. Molekuli hunata kwenye mkaa, ambao hukamata upesi na kwa wingi, kisha hutambaa kuelekea zilipo chembe za titani zinazougusa. Umbali ule tuliouhesabu hupunguzwa na kibebeo chenyewe. Kwetu pwani, vifuu vya nazi hutoa mkaa mzuri wa aina hii. Lakini mkaa ukinata mno huigeuza rangi kuwa mateka asiyefikishwa kwenye kichocheo, na mkaa uliopakwa titani hauwezi kuokwa kwa nyuzi 500 kwenye hewa ya kawaida kwa kuwa utaungua. Lazima uokwe kwenye naitrojeni.

Wengine wamekataa kupaka kabisa na kuchagua kuuacha unga uelee, ila wenye kiini cha sumaku, ili ukimaliza kazi uvutwe kando. Kikundi cha Donia Beydoun na Rose Amal huko Sydney kilipaka titani moja kwa moja juu ya chembe za magnetaiti, kikaeleza mwaka 2000 jinsi titani ikimulikwa inavyokifanya chuma cha ndani kiyeyuke, huku nguvu ya kichocheo ikipungua. Ilibidi kuweka ukuta wa silika katikati. Silika tena, kama kwenye kioo cha dirisha.

Sasa tuje kwenye kipimo, mahali ambapo kwa maoni yangu fani hii imejidanganya zaidi. Rangi inayotumiwa na karibu kila mtu ni buluu ya methilini. Ni nafuu, inapendeza kwa macho, na spektrofotomita huisoma bila shida kwenye nanomita 664. Lakini buluu hiyo ina tabia za kumpotosha mpimaji. Ikipokea elektroni, hugeuka isiyo na rangi bila kuvunjika: ukitikisa chupa hewa iingie, buluu inarudi, na ndicho kioja cha chupa wanachoonyeshwa wanafunzi wa sekondari. Pili, inanata kwenye vibebeo vingi, hivyo maji hupungua rangi hata gizani. Ndiyo maana jaribio la kweli huanza kwa kukaa gizani, mara nyingi nusu saa, kabla ya taa kuwashwa. Tatu, inanyonya mwanga wa kawaida yenyewe na kuisukumia titani elektroni. Mwaka 2006 Bunsho Ohtani wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wenzake waliuliza wazi kama buluu ya methilini inafaa kupima vichocheo vya mwanga unaoonekana, wakaonyesha kwamba inaweza kufifia hata pale ambapo kichocheo chenyewe hakijaamshwa. Tangu kazi ya Ryoji Asahi na wenzake ya mwaka 2001 kuhusu kuingiza naitrojeni kwenye titani, madai ya vichocheo vya mwanga wa kawaida yamekuwa mengi. Yaliyosimama juu ya buluu ya methilini peke yake mimi huyaweka kando.

Mfano wa namna ya kufanya vizuri upo, na una Waafrika ndani yake. Ammar Houas na wenzake, Watunisia wa Gabès wakishirikiana na maabara ya Herrmann iliyoko Lyon, mwaka 2001 waliifuata molekuli hiyohiyo hatua kwa hatua mpaka mwisho: kabonidayoksaidi, salfati, amonia na naitreti. Hawakuishia pale macho yalipoona maji meupe. Kupima kaboni yote iliyobaki majini ndiko kunakoonyesha kama rangi imevunjwa au imevuliwa nguo tu, na mara nyingi kaboni hupungua polepole kuliko rangi.

Kuna jambo lililo zito kuliko yote haya. Buluu ya methilini ina chaji chanya. Uso wa titani hauna chaji maji yanapokuwa na pH ya kati ya 6 na 7. Yakipanda juu ya hapo, uso huwa hasi, na buluu ya methilini huukimbilia. Rangi za kundi la Procion ni hasi. Na maji zinamotoka yana pH ya 10 au 11, kwa sababu mtia rangi hutumia magadi kuzifunga kwenye pamba, pamoja na chumvi ambayo kwenye pipa yaweza kufikia gramu 50 kwa lita na zaidi. Rangi hasi mbele ya uso hasi: vinasukumana. Kabonati kutoka kwenye magadi huzidaka radikali kabla hazijaifikia rangi, na kloridi ya chumvi hufanya vivyo hivyo. Kichocheo kilichoshinda kwenye maji yaliyokenekwa kinaweza kushindwa siku ya kwanza kiwandani, na si kwa sababu kina kasoro. Kiliandaliwa kwa ajili ya adui mwingine.

Ukishaijua hali hiyo, maboresho yenye maana hubadilika sura. Kibebeo chenye chaji chanya, au mkaa usiojali sana chaji, kinakuwa na thamani kuliko kuongeza fedha au platini kwenye titani. Kushusha pH kwa asidi hutimua kabonati kama kabonidayoksaidi, lakini huongeza gharama na chumvi. Na mpangilio wa mtambo nao una neno: bakteria watangulie, wale vile wanavyoviweza kwa bei nafuu, kisha maji yaliyopungua uchafu na giza ndiyo yapite kwenye kichocheo. Huko Almería, kusini mwa Hispania, kituo cha Plataforma Solar kimefanyia kazi mirija ya kioo yenye vioakisi vilivyopinda nyuma yake, vinavyokusanya urujuanimno kutoka pande zote bila kufuata jua. Mirija ya namna hiyo, ikiwa na vibebeo ndani, nadhani ingefaa ukanda wetu kuliko taa za umeme.

Malighafi ya titani ilikuwepo hapa jirani. Mgodi wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimba mchanga wenye ilmenaiti na rutile kwa takriban muongo mmoja na kuusafirisha kupitia Likoni, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Uliondoka ukiwa mchanga, na sehemu kubwa ya titani duniani huishia kuwa unga wa rangi uliofunikwa ganda lile la kuutuliza. Lakini hata kichocheo chenyewe kikiagizwa kutoka nje, rudi kwenye ile hesabu ya utando: mita ya mraba yenye mikromita moja inahitaji chini ya gramu 4, na mita 100 za mraba hazimalizi gramu 400. Gharama iko kwenye mirija, pampu, kiwanja chenye jua la kutosha, na mtu wa kusuuza utando kwa asidi hafifu kila magadi yanapougandia.